Jina Langu Kwenye Theluji

Watu wa kanisani kwetu Kinoru wakisikia kwamba nilienda Ulaya kuteleza kwenye theluji peke yangu, mjane, mwalimu mstaafu, mwenye goti linalolia kila mvua ikikaribia, hunitazama kama mbuzi aliyeonekana juu ya paa. Hawaulizi nilipandaje. Wanataka kujua nilishukaje. Nami huwaambia kwamba kupanda si kazi, unapandishwa na mashine. Kushuka ndiko kunakomtoa mtu jasho na adabu. Wanacheka, nami nacheka, chai inaongezwa.

Kile ambacho siwaambii ni kwamba nilipanda ule mlima nikiwa na uchungu moyoni, na uchungu wenyewe ulikuwa wa jina.

Binti yangu ni nesi huko Austria. Ni mtoto wangu wa pekee. Mungu alinipa mmoja, akafunga mlango. Aliolewa na kijana wa huko, mpole, mrefu hadi akija kwetu inabidi ainame kwenye kila mlango. Binti alipopata mimba, wakaambiwa ni msichana, nilifunga mizigo nikaenda kumsaidia kama mama yeyote angeenda. Nilibeba unga wa wimbi wa kumpikia uji, na njahi, zile kunde zetu nyeusi, maana kwetu mwanamke aliyejifungua asipokula njahi ni kama hajajifungua.

Siku niliyofika tulikuwa jikoni kwake tukimenya viazi. Akaniambia bila kuniangalia, "Mama, huyu ndiye wa kwanza na wa mwisho. Daktari amesema. Na hao wawili tuliowapoteza, sina nguvu za kupoteza mwingine."

Nilimshika mkono, kisu na kiazi vikiwa ndani yake. Nikamwambia mmoja anatosha, hata mimi nilipewa mmoja tu na hebu angalia alivyo mjeuri. Akacheka, akalia kidogo, tukaendelea kumenya. Lakini nilipobaki peke yangu chumbani nilianza kupiga hesabu, zile hesabu ambazo mwanamke wa Mbeere huzipiga hata bila kutaka.

Mimi ni mzaliwa wa Kiritiri, huko chini kwenye joto na ndengu. Meru nililetwa na ndoa. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Wa pili ndiye huitwa la mama ya mama. Si mambo ya kupenda, ni zamu. Mtoto akiitwa jina lako, wewe umerudi, utakimbia tena kwa miguu midogo hata wewe mwenyewe ukiwa kwenye mkongojo. Binti yangu ana jina la mama mkwe wangu, kama ilivyotakiwa, na mama yangu akabaki Kiritiri akingoja wa pili. Kila nilipoenda kumwona, kabla hata sijaketi, macho yake yalishuka tumboni kwangu. Hakuniuliza kitu hata siku moja. Alikuwa mwanamke wa heshima, na jina haliombwi. Alingoja mpaka akafa, na kwa kuwa kwake nilibaki mimi tu, hakuna mtoto hata mmoja duniani anayeitwa kama yeye.

Sasa kungoja kulikuwa kwangu, na wa pili hatakuja. Huyu mmoja, kwa zamu, alikuwa wa muthoni wangu. Muthoni ndilo neno letu kwa mtu wa upande wa pili wa ndoa, na mimi nalitumia kwa mama ya mkwe wangu. Ni neno lenye uzito: muthoni humwiti kwa jina lake, hubishani naye, wala huketi ovyo mbele yake. Alikuwa amekuja Kinoru mara moja, wakati wa mahari, akaketi na wanawake nyuma ya jikoni akamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, wala hakulalamika. Nilimpenda siku hiyo. Kwa hiyo sikuwa na ugomvi naye. Niliapa sitasema neno, maana nilijua yale macho ya mama yangu yalivyonilemea miaka yote, na sikutaka binti yangu ayaone usoni pangu. Lakini nilitaka. Haki ya Mungu, nilitaka mtoto yule aitwe mimi, hadi nikajionea aibu.

Binti hakuona hayo. Yeye aliona kitu kingine: mama yake aliyefundisha jiografia Embu na Meru maisha yake yote, akichora mabonde ya barafu ubaoni kwa chaki, na hajawahi kushika theluji. Kwa hiyo alikuwa ametulipia hoteli kwenye mji mmoja mkubwa wa kuteleza, mwishoni mwishoni mwa msimu, twende wawili, yeye akae juani na mimi nicheze. Halafu daktari akamwamuru asitoke kitandani.

"Nenda peke yako, Mama," akaniambia. "Bado wiki kadhaa. Ukikaa hapa utaninywesha uji mpaka nipasuke."

"Na nikivunjika mguu?"

"Si mimi ni nesi?"

"Nesi aliyelazwa!"

"Mama, umewafundisha watu barafu miaka yote hiyo. Kwani ulikuwa unawadanganya?"

Hapo akanipata. Asubuhi ambazo mawingu yamefunguka nilikuwa nawaita wanafunzi dirishani, nawaonyesha ule weupe juu ya mlima wetu, nawaambia barafu ina uzito, barafu inatembea, barafu inakwangua mwamba. Wao wakaandika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza, mwalimu, wewe umeishika? Watoto wa siku hizo walikuwa na adabu.

Basi nikajifunga. Nguo za ndani za joto, sweta mbili, koti la marehemu mume wangu, na leso kiunoni juu ya yote hayo. Nikaweka mayai ya kuchemsha na viazi vitamu mfukoni, maana huwezi kwenda kwa watu usiowajua na tumbo la kutegemea huruma. Nikapanda treni, kisha basi. Niliposhuka, jua lilikuwa linawaka, watu wameketi nje ya mikahawa mikono wazi wakinywa bia, na mimi natiririka jasho kama niko sokoni Ishiara. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba theluji ya Aprili huja na joto. Katika kitabu cha darasa haikuandikwa.

Na theluji yenyewe! Mimi nilitarajia pamba. Chini mjini ilikuwa imekwisha, imeacha majani ya kahawia yaliyolala na vimaua vya zambarau vikichungulia. Huko juu ndiko iliteremka kwa mistari mirefu myeupe, majani huku na majani huku. Iliyobaki kando ya barabara ilikuwa nyeusi, imekanyagwa na magari. Hata hivyo niliinama, nikavua glavu, nikaishika. Ilikuwa chembechembe kama chumvi ya mawe, ikayeyuka, ikaniachia mchanga kiganjani. Mchanga ule niliujua. Ndio ule barafu huubeba kutoka juu na kuuacha chini. Nimeuchora ubaoni hadi chaki zikaisha. Nikaanza kucheka peke yangu pale barabarani, mama mzima na leso kiunoni, na mwanamume aliyekuwa anapita na mbwa akavuka upande wa pili.

Hoteli ilikuwa kubwa, imekaa kama shule ya bweni wanafunzi wakiwa likizo. Korido ndefu, harufu ya sabuni, wafanyakazi wakikunja viti na kuvifunika mashuka kabla hata sisi wageni wa mwisho hatujaondoka. Kwenye chakula waliniweka meza ya watu wawili, halafu mhudumu akaja akaondoa sahani ya pili na glasi yake, polepole, kwa huruma, kama aliyejua habari zangu. Nikampigia binti simu. Akasema yuko sawa, mtoto anacheza. Nusura nimuulize mtakayemzaa mmemwitaje. Nikauma ulimi, nikamwambia supu yao haina chumvi.

Asubuhi yake nikaenda kukodisha vifaa. Sijui nani aliyeziita zile buti viatu. Zile ni plasta ya mguu uliovunjika, wanakuvika mapema ili wasisumbuke baadaye. Zinafungwa kwa vyuma vinne, goti halikunjiki, na ukitembea unalia ko, ko, ko kama farasi. Nikaacha viatu vyangu vya kanisani kwenye rafu ya duka, nikachukua zile mbao mbili ndefu begani, nikajiambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamke wa rika langu, nywele za mvi amezisuka mkia mmoja, uso umechomwa na jua hadi umekaribia rangi yangu. Tuliongea Kiingereza, chake kibaya na changu cha darasani. Akaniuliza jina. Nilifungua mdomo kusema Mama Fulani, kama ninavyojitambulisha siku zote, nikakumbuka hapo hakuna anayemjua Fulani. Nikampa jina langu. Lile nililozaliwa nalo.

Akalijaribu mdomoni, akalikata katikati, akalimeza mwisho wake, akaridhika. Na kuanzia hapo hakuacha. Alinitaka nikutanishe ncha za mbele za zile mbao ziwe kama paa la nyumba, hapo ndipo zinasimama. Zangu zilikataa. Zilitaka kwenda, tena kila moja na kwao. Nikawa natelemka kale kaslopu ka watoto, mikono hewani, nikimwita Yesu kwa Kimbeere, na nyuma yangu yule mama ananguruma jina langu mlima mzima. Magoti! Na jina langu. Tazama mbele! Na jina langu. Usikae! Na jina langu, kwa nguvu zaidi, maana nilikuwa nimeshakaa.

Nilianguka sana. Niliangukia kushoto, nikaangukia kulia, mara moja nikaanguka nikiwa nimesimama tu namngoja mtu apite. Watoto wa Kizungu wasiofika kiunoni walinipita wakiteleza kama samaki. Woi! Mimi niliyewaambia wanafunzi asiyesikia la mkuu huvunjika guu, leo nasikia la mkuu kila neno na bado guu liko hatarini.

Mara ya mwisho kabla ya chakula cha mchana nilianguka chali, mbao zikapishana, nikashindwa kuamka. Nikaacha kujaribu. Theluji ilikuwa imelainika kwa jua, ikanishika mgongo vizuri tu. Juu yangu mbingu ilikuwa buluu kali, na kutoka chini yule mama alikuwa analiita jina langu, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili akiuliza, mara ya tatu kwa wasiwasi.

Hapo ndipo nilijua kitu kilichokuwa kinanifurahisha tangu asubuhi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita jina langu kwa sauti tangu mama yangu afe. Kwetu naitwa Mama Fulani. Shuleni niliitwa Mwalimu. Watoto wa jirani wananiita Cucu, yaani nyanya. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, aliniita "we" miaka yote ya ndoa, na nikaitika. Mtu wa mwisho kulipaza jina langu alikuwa mama, akiniita kutoka ng'ambo ya shamba la mtama nije tufukuze ndege. Nililia, nimelala pale, machozi yakiingia masikioni. Nilimlilia mama, na nilikuwa najililia na mimi pia, kwa ile tamaa niliyokuwa nayo ya mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Lakini mtu hawezi kulala kwenye theluji akilia huku anaitwa. Nikapiga kelele, "Niko!" Na nilivyosema hivyo nikaona upumbavu wangu. Jina lilikuwa na mwenyewe bado. Lilikuwa limevaa koti la mwanamume, limelowa matakoni, linachekwa na watoto, lakini lipo na linaitika. Muthoni achukue zamu yake, nikasema. Ni yake. Na mtoto akizaliwa mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kumwita kwa jina hilo, mbele ya wote, ili binti yangu asije akapekua uso wangu akitafuta huzuni.

Yule mama akanifikia, akanivuta kwa mikono miwili. "Umeumia?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nilikuwa nawaza.

"Hapa si mahali pa kuwaza," akasema, na tukaenda kula. Nilimpa kiazi kitamu. Akakila na maganda yake.

Siku iliyofuata sikuchukua mwalimu. Niliingia kwenye kile kijumba cha kioo kinachoning'inia kwenye kamba, nikapandishwa peke yangu hadi mahali pana, pa taratibu, ambapo yule mama alinihakikishia hata ng'ombe angeteleza bila kuumia. Viti vingi vya kupandishia watu kwa kamba vilikuwa vimesimamishwa, msimu umekwisha, na watu walikuwa wachache hadi uliweza kusikia maji yakitiririka chini ya theluji. Nikakutanisha ncha. Nikatazama mbele. Na nikashuka. Polepole, naam, mzee mwenye ng'ombe angenipita, lakini nilishuka kutoka juu ya mteremko ule hadi mwisho wake bila kuanguka, na upepo ukanipiga usoni, na nikajikuta naimba pambio. Ningependa kuwaeleza watu wa Kinoru furaha ile. Huwa sijui nianzie wapi.

Nilikuwa naanza kujipanga kurudia ndipo simu ikalia. Alikuwa mkwe wangu, sauti juu. Maji yametoka. Wako hospitalini. Mtoto anakuja sasa, hangoji wiki wala nini.

"Anaendeleaje?" nikapiga kelele.

"Anakuita wewe," akasema.

Sikumbuki nilivyozivua zile mbao. Nilishuka na kile kijumba nikikisukuma kwa mawazo, nikatoka mbio, yaani mbio za buti za plastiki, ko ko ko, hadi duka la kukodisha. Limefungwa. Wamekwenda kula. Kupitia kioo niliviona viatu vyangu vya kanisani vimekaa kwenye rafu, vinanitazama. Na basi, kule ng'ambo, dereva anawasha injini. Nikaegemeza mbao mlangoni, nikafunga leso, nikavuka barabara mkono juu. Niliingia kwenye basi na zile buti, na baadaye kwenye treni na zile buti, nikanyoosha miguu kwenye korido kama mtu aliyetoka ajalini. Kila mtu alinipisha.

Njia nzima niliomba. Na nilipochoka kuomba nilifanya mazoezi. Jina la muthoni wangu sikuwa nimelitamka hata siku moja, kwa heshima, na ni jina gumu, lina konsonanti zilizobanana mlangoni zote zikitaka kutoka pamoja. Nililinong'ona kwenye dirisha la treni. Nikajisahihisha. Sikutaka nilivunje siku ya kwanza. Ujumbe ukaingia kutoka kwa mkwe: amezaliwa, mdogo lakini mzima, mama mzima. Nilipiga kelele ya furaha kwenye treni yao ya kimya, nikawaeleza abiria kwa Kiswahili, na mama mmoja akapiga makofi bila kuelewa.

Hospitalini niliingia ko ko ko kwenye korido iliyong'aa, manesi wakigeuka. Muthoni wangu ndiye aliyetoka kunilaki. Yeye anakaa karibu, alifika mapema. Alinitazama usoni, uso uliokuwa umeungua na jua pua inabambuka. Nani alijua kwamba hata sisi tunaungua? Kisha akatazama chini. Hakucheka. Alinikalisha kwenye benchi, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kufungua vile vyuma vya buti, kimoja kimoja.

Ngai! Muthoni wangu, amepiga magoti miguuni pangu, ananivua viatu vilivyojaa jasho! Nilijaribu kuinuka, nikamwambia kwa Kiingereza aache, nikamwambia kwa Kimeru, nikamshika mabega. Akatikisa kichwa. Alivuta buti ya kwanza, akavuta ya pili, akanisugua unyayo uliokuwa umekufa ganzi, kama mama anavyomsugua mtoto aliyetoka mtoni. Kwetu jambo hilo haliwezekani. Hata kuliona ni deni. Nikajua nitamlipa nini, na kwamba nitamlipa dakika hiyo hiyo.

Nikaingia chumbani na soksi. Binti yangu alikuwa kitandani, mweupe midomo, anatabasamu. Mumewe amesimama dirishani. Mtoto yuko kwenye kile kitanda cha kioo. Binti akafungua mdomo kusema kitu, nikamwinulia mkono anyamaze. Nilisimama juu ya yule mtoto, na kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika madawati ya nyuma, nikasema, "Karibu kwetu," na nikataja jina la muthoni wangu, lote, bila kujikwaa hata mahali pamoja.

Mkwe wangu alimtazama mkewe. Muthoni, aliyekuwa ameshika zile buti mlangoni, aliziweka chini, akatafuta kiti, akaketi, akafunika mdomo kwa mkono. Machozi yakaanza kumshuka juu ya vidole. Nikaona nimefanya vizuri, na nikajivuna.

Ndipo binti yangu akaongea Kimeru ili wale wasielewe. "Mama. Umefanya nini?"

"Nimempa jina. Si ni zamu yake?"

"Tulikuwa tumempa lako." Akajiinua kwa kiwiko. "Tangu kabla hujaja. Nilipowaeleza mambo ya zamu, ni mama mkwe wangu mwenyewe aliyesema zamu yake anakuachia wewe, kwa sababu wewe huna mwingine. Akasema tusikuambie, utasikia ukimshika mtoto."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nimeifundisha, nimeisahihisha kwenye insha, na sikuwahi kuielewa hadi nilipokuwa nimesimama pale kwenye soksi zilizolowa. Nilikuwa nimepewa. Kile kitu ambacho mama yangu alikingoja hadi kaburini, mimi niliwekewa tayari, kimefungwa vizuri, na nikakitoa kwa mdomo wangu mwenyewe kabla sijakifungua. Niliumia. Sitasema uongo mbele ya Mungu. Niliumia hadi nikashika ukingo wa kitanda.

"Hatujaandikisha bado," binti akasema haraka. "Nitamwambia ulikosea. Ataelewa, Mama, yeye ni mtu mzuri. Nimwambie?"

Nikamgeukia muthoni wangu. Alikuwa amesogea hadi kwa mtoto, amemwinua, na alikuwa anamnong'onezea jina lake mwenyewe, polepole, akisimama, akirudia, kama mtu anayejipima nguo dukani haamini itakuwa yake. Ana wajukuu wengine, wakubwa. Hakuna hata mmoja anayeitwa yeye. Kwao haiko desturi hiyo. Nani alikuwa amewahi kumwambia kwamba atarudi?

"Usimwambie kitu," nikasema.

"Mama, una hakika?"

"Wewe lala. Umetoka kuzaa, na njahi zako ziko nyumbani bado hazijalowekwa."

Akaanza kulia, na mimi nikamfuta kwa ncha ya leso. Kisha nikanyoosha mikono. Muthoni akamtazama mtoto mara moja zaidi, akanipa. Alikuwa mwepesi kuliko mkoba, joto, nywele zake bado mbichi, ngumi imefungwa. Nilimwinamia hadi pua yangu iliyobambuka ikagusa paji lake, na nikamwita mara ya pili kwa jina la yule mwanamke, polepole, kila herufi mahali pake. Mara ya kwanza nilikuwa nimempa muthoni zamu yake. Mara hii nilimpa yangu.